Naomba ushauri: chemba inamwaga majitaka Mto Msimbazi, nianzie wapi?

Habari zenu wakuu. Naishi Tabata, Dar es Salaam, upande wa bonde la Msimbazi. Chemba ya mtaani kwetu imeziba, kinyesi kinatiririka kwenye mtaro mchana kutwa hadi mtoni. Hatua chache chini yake watu wanachota maji hayohayo kumwagilia mchicha wa kupeleka sokoni, na watoto wanavuka peku.

Tumewapigia simu mamlaka inayotuhudumia, tukaandika barua kupitia serikali ya mtaa. Jibu ni moja tu: mafundi wanakuja. Huku ankara ya majitaka tunalipa, na hilo linaniuma sana.

Najua EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, hupokea malalamiko mteja akishindwana na mtoa huduma, NEMC wanasimamia mazingira, na mto wenyewe uko chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Hofu yangu ni kuzungushwa ofisi hadi ofisi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 5, inampa mwananchi haki ya kushtaki.

Aliyewahi kupita njia hii, EWURA wanataka ushahidi gani zaidi ya picha na nakala za barua? Na sampuli ya maji ichukuliwe na nani ili majibu yakubalike mahakamani? Hata uzoefu wa mkoa mwingine utatusaidia.