Ati "hapo ndipo nilipokuwa ninaelekea": fundi wetu wa chini ya mjakaranda amenimaliza leo

Mwenye Uzi: Ndugu zangu, ninaandika haya nikiwa bado ndani ya gari, mikono imejaa grisi isiyo yangu na kifua kimejaa hasira ambayo ni yangu kabisa. Simtaji mtu. Nyote mnamjua, kwa kuwa hakuna mwenye gari hapa Nairobi, kati ya Makadara na Donholm, ambaye hajalala njaa kwa ajili yake.

Asubuhi nilivuka tuta karibu na Jogoo Road, gari likazima, na matatu mbili nyuma yangu zikapiga honi kana kwamba nimeziba njia ya kwenda peponi. Nikageuza ufunguo: taa za dashibodi zikawaka, kisha ta! Mlio mmoja, basi. Nikawalipa vijana wanne wakalisukuma hadi kwa huyo bwana.

Hakuuliza limezimaje. Hakushika mita ya volti, ambayo ninaamini huitumia kuzuia mlango usipigwe na upepo. Aliinua boneti, akalaza sikio juu ya injini, akafumba macho kama mganga anayesubiri mizimu, kisha akatamka: "Pampu ya mafuta." Injini haijazunguka hata nusu, yeye anaona pampu! Kiti cha nyuma kikang'olewa, pampu ikatolewa, ikaonekana nzima, na hukumu ikahamia kwa stata, ile mota ya kuzungusha injini. Stata ikashushwa, ikaunganishwa na betri nyingine pale chini, ikaruka kama kuku aliyechinjwa. Ikarudishwa mahali pake. Nikageuza ufunguo: ta! Ileile. Hapo mtu mwenye akili angejiuliza swali moja tu. Yeye aliagiza chai.

Baada ya karne mbili hivi akapita kijana auzaye mayai ya kuchemsha. Alikuwa akisubiri nimlipe, mkono wake ukagusa waya wa betri, nao ukacheza kama jino la mtoto. "Mzee, hiki kichwa kimelegea," akasema. Akaufuta ule unga wa kijani kwa karatasi ya kufungia chumvi, akaazima spana namba kumi kutoka kwa fundi huyohuyo, akakaza. Nikageuza ufunguo, injini ikawaka kwa jaribio la kwanza.

Fundi wetu akashusha kikombe, akapangusa midomo, akasema: "Hapo ndipo nilipokuwa ninaelekea."

Alikuwa anaelekea kwa kupitia wapi, Mombasa? Kisha akanidai shilingi 3,500 za "uchunguzi", ilhali aliyechunguza alilipwa bei ya mayai mawili, tena nilikula mwenyewe kwa uchungu. Hapo ndipo alipokuwa anaelekea!

Abiria wa Nyuma: Ni yule mwenye kofia ya manjano?

Mwenye Uzi: Ndiye. Usimtaje.

Spana Kumi: Taa za dashibodi hutumia umeme kidogo mno, lakini stata ya gari dogo hula zaidi ya ampea 100. Kichwa kilicholegea kitapitisha umeme wa taa bila taabu, na ule wa stata utakwama, ndiyo maana ukasikia "ta". Mwenye mita angepima volti kwenye nguzo yenyewe ya betri, kisha kwenye kichwa cha waya kilichovishwa juu yake, huku mwenzake akigeuza ufunguo. Tofauti kubwa kati ya vipimo hivyo viwili ndiyo mwizi. Ila kinachonishangaza mimi ni kingine. Anayeshusha stata huanza kwa kuvua waya hasi wa betri, ili spana isije ikapiga cheche. Kama angefanya hivyo, si angeona hali ya vichwa vile kabla hata chai haijachemka?

Mwenye Uzi: Hakuvua chochote. Cheche ziliruka nikadhani ni sehemu ya tiba.

Mama Mbili: Naomba kuuliza kwa heshima: wewe mwenye gari ulipofungua boneti mara ya mwisho, rais alikuwa nani? Unga ule wa kijani hauoti kwa usiku mmoja.

Mwenye Uzi: Dada, ninakubali, lakini mimi sikujiita fundi wala sikulaza sikio juu ya kitu chochote. Jambo ni lile neno lake! Kikombe mkononi, kiti changu kiko mchangani, na bado anasema ndipo alipokuwa anaelekea.

Bado Nalipa Mkopo: Shukuru lako halikuwaka kabisa. Langu lilikuwa likizima likipata moto, tena katikati ya Thika Road, kisha baada ya kupoa nusu saa linawaka kama mtoto aliyesingiziwa. Huyohuyo aliniuzia plagi mara mbili na betri moja, halafu akanishauri niliombee. Ilikuwa sensa ya kranki, kile kidude kinachoiambia kompyuta ya gari injini inavyozunguka.

Jirani wa Mjakaranda: Mnamwonea. Usiku mmoja wa mvua alinivuta kwa kamba hadi nyumbani, wala hakuchukua hata shilingi.

Abiria wa Nyuma: Kwa sababu hukumruhusu afungue boneti.

Kipusa wa Outering: Hayo yote ni madogo. Mimi nina ugomvi na waosha magari wanaoelekeza maji ya shinikizo ndani ya injini. Langu liliingia likinguruma, likatoka likikohoa na kutetemeka, koili za kupeleka umeme kwenye plagi zimelowa, na kijana ananiambia linaona baridi.

Spana Kumi: Wale wa karibu na daraja?

Kipusa wa Outering: Haohao. Na kifuniko cha tangi la mafuta wamebaki nacho.

Bado Nalipa Mkopo: Changu pia! Mimi sasa ninatumia kitambaa.

Spana Kumi: Kitambaa kwenye tangi la petroli? Kaka, kitoe leo hii.

Mwenye Uzi: Samahani, tulikuwa tunamzungumzia fundi.

Mama Mbili: Hao wa darajani hufungua saa ngapi kesho? Langu limejaa matope.