Traki zinapishana nikizituma kwa mtu wa miksi

Swali: Wakuu, nina wimbo wa traki 14 (kila ala na kila sauti kwenye faili yake). Nikituma faili, sauti zinapishana na mdundo, na ya mwimbaji inapasuka. Tatizo liko wapi?

Jibu 1: Zinapishana kwa sababu kila faili inaanzia pale sauti inapoanza. Toa (export) traki zote kuanzia sekunde 0, hata kama kinanda kinaingia dakika ya pili; ule ukimya wa mwanzo ndio unaokishikia nafasi yake. Tumia faili za WAV za biti 24 (24-bit), kwa kiwango kilekile cha sampuli (vipimo vya sauti kwa sekunde) ulichorekodia. Faili ya 48 kHz ikichezwa kama ya 44.1, wimbo unapungua kasi na sauti zinakuwa nzito.

Jibu 2: Kupasuka ni geini, yaani nguvu ya sauti inapoingia kurekodiwa. Mwambie mwimbaji aimbe kiitikio kwa nguvu zote, kisha weka geini ili vilele viishie karibu na -10 dBFS (0 ndiyo kikomo, ukivuka inapasuka). Ikishapasuka wakati wa kurekodi, kushusha feda (kitelezi cha sauti) baadaye hakusaidii. Rekodi upya.

Jibu 3: Ondoa limita (kifaa kinachobana vilele vya sauti) kwenye masta, yaani chaneli ya mwisho zinakopita traki zote, kabla ya kutoa faili. Na majina, tafadhali: "03_besi", si "Audio 7 mpya". Tempo iandike kwenye jina la folda.