Dogo yuko chuo, hajui Bahari ya Shamu iko wapi, na anajibu kwa kiburi. Hii tabia imenichosha!

Wakuu salaam. Naandika huu uzi nikiwa na hasira na sitaki kuzificha, nimelala nazo nimeamka nazo, kwahiyo atakayeona nimepaniki anisamehe ila asiniambie nitulie.

Iko hivi. Nina mpwa wangu wa miaka 22, yuko chuo mwaka wa mwisho, na akili anazo tena nyingi tu, ukimpa simu iliyokufa anaifufua. Jana kakaa sebuleni ananung'unika mzigo wake alioagiza ng'ambo unachelewa, alivyoagiza mwanzo zamani ulikuja haraka sasa hivi wiki zinapita. Nikamwambia si unakumbuka tangu mwisho wa 2023 meli zilianza kushambuliwa kule Bahari ya Shamu, kampuni kibao zikaamua kuzunguka, inawezekana mzigo wako nao umezungushwa. Akasema ee nilisikia. Nikamuuliza sasa zinazunguka kupitia wapi? Kimya. Nikapunguza, haya Bahari ya Shamu yenyewe iko kati ya wapi na wapi? Akacheka, akanijibu, nanukuu kabisa, "Mjomba hayo mambo ya kizazi chenu bwana, sisi tunagugo."

Na kasema kwa raha kabisa, kifua mbele, kama mtu aliyeshinda kesi.

Sikumfokea. Nikamwambia sawa, gugo. Akachukua simu, akafungua, vidole vikasimama juu ya kioo, anaangalia kioo, ananiangalia mimi. Halafu akauliza, "Niandike nini?"

Wakuu hapo ndipo damu ilipochemka, na ndio maana nimekuja hapa. NIANDIKE NINI! Dunia nzima iko mkononi mwake na hajui aiulize nini. Mwishowe akaandika kitu kama kwanini mizigo inachelewa, zikaja tovuti za kumuuzia huduma ya kufuatilia mizigo, akasema "unaona, haipo". Eti haipo! Ipo, tena imejaa, ila ili uipate lazima uwe tayari na kitu kidogo kichwani, ujue kwamba Bahari ya Shamu iko kati ya Afrika na Uarabuni, ujue kwamba juu yake kuna Mfereji wa Suez kule Misri unaoiunganisha na Mediterania, ujue kwamba chini kabisa ya bahari hiyo kuna mlango unaitwa Bab el Mandeb ambao upana wake ni kama kilomita 30 tu, ujue kwamba ukifunga hapo basi meli inayotoka Asia kwenda Ulaya haina ujanja, inashuka mpaka Rasi ya Tumaini Jema inazunguka Afrika nzima, siku 10 na zaidi zinaongezeka njiani na mafuta yake. Ukijua hayo hata nusu nusu, simu inakuwa na maana, unaandika maneno matatu unapata kila kitu. Usipojua chochote unabaki umeshika taa ambayo hujui uimulike wapi.

Hili la "nitagugo" ndilo linanichoma kuliko yote. Kutojua siyo dhambi, mimi mwenyewe yapo mengi siyajui. Lakini kuna mtu hajui na inamkera, na kuna mtu hajui na anakuangalia wewe unayejua kama umepoteza muda wako. Huyu wa pili ndiye anazidi kuongezeka na anapigiwa makofi.

Basi nikatoa atlasi yangu ya zamani nikaiweka mezani. Dogo akaiangalia kama kitu cha makumbusho. Nikamwambia nionyeshe Greenland na Afrika ipi kubwa, akafungua ramani ya kwenye simu yake, ile bapa, akasema zinakaribiana. Na kwa ile ramani kweli zinakaribiana! Sasa nani amewahi kumwambia huyu mtoto kwamba ile ramani ina asili yake, kwamba mchora ramani mmoja aitwaye Mercator aliichora 1569 kwa ajili ya mabaharia, ili nahodha akipiga mstari mnyoofu uendane na dira yake, na bei yake ni kwamba kadiri unavyosogea kwenye ncha za dunia ndivyo nchi zinavyovimba? Greenland ni kama kilomita za mraba milioni 2.1. Afrika ni milioni 30. Unaipanga Greenland ndani ya Afrika mara 14. MARA 14 wakuu, na kijana wa chuo ameishi miaka 22 anaona vitu viwili vinavyolingana, na kila siku anaishika hiyo ramani mkononi kuliko baba yake alivyowahi kushika ramani yoyote maishani mwake.

Halafu zile safari za kuongozwa na simu. Geuka kushoto baada ya mita 200, geuka kulia. Unafika, sawa, lakini umepita wapi hujui, kaskazini iko upande gani hujui, ukiambiwa urudi bila simu unalia. London madereva wa teksi wanalazimika kuzimeza kichwani barabara kama 25,000 kabla ya kupewa leseni, wanasoma miaka mitatu, minne. Mwaka 2000 watafiti wakawaingiza kwenye mashine wakaangalia ubongo wao, wakakuta ile sehemu ya nyuma ya hipokampasi, inayohusika na kumbukumbu ya mahali, ni kubwa kuliko ya watu wengine, na aliyeendesha miaka mingi zaidi ndiyo imekua zaidi. Yaani kujua mahali kunakujenga wewe mwenyewe kichwani, siyo kwamba ni habari tu unayoweza kuiazima ukaiacha. Nilimwambia mpwa hili akanyamaza kidogo, nadhani lilimwingia.

SASA NIWAGEUKIE WA RIKA LANGU, maana nawajua mmeshaanza kutabasamu hapo mlipo, "umenena mkuu, watoto wa siku hizi bure kabisa". Ngojeni kwanza.

Nyie ndio mnanikera karibu sawa na hao madogo. Kila ikitoka video ya kijana kashikiwa maiki barabarani kaulizwa mji mkuu wa Australia kajibu Sydney, nyie ndio wa kwanza kuisambaza kwenye magrupu na vikaragosi vya kucheka machozi. Haya nyie mnajua ni Canberra? Uturuki siyo Istanbul, ni Ankara. Kanada siyo Toronto, ni Ottawa. Nimewauliza wenzangu wa umri wangu, watu na shahada zao, wengi wameanguka hapo hapo, tofauti yao na dogo ni kwamba wao hakuna anayewafuata na kamera.

Na kuna jamaa yangu mmoja, sitasema zaidi, alimcheka binti yake mbele yetu, akasema sisi tulisoma bwana, nchi kubwa kuliko zote Afrika ni Sudan, hiyo mtu anaamshwa usingizini anajibu. Binti akasema kwa adabu kabisa, baba ni Algeria. Mzee akawaka, akamwambia usibishane na mimi hiyo niliifanyia mtihani. Binti akafungua simu akamwonyesha. Sudan ilikuwa kubwa kweli mpaka tarehe 9 Julai 2011 Sudan Kusini ilipojitenga, baada ya hapo Algeria ikashika namba moja. Mzee aliijua dunia ya mtihani wake, ikabadilika hakurudi kuiangalia tena, na badala ya kumshukuru mwanae akasema simu nazo zinadanganya. Mimi nilikuwepo, nikanyamaza, na ile kunyamaza inaniuma mpaka leo kwasababu yule binti tangu siku hiyo akiwepo baba yake hachangii mada yoyote.

Mnasema Swaziland, imebadilishwa kuwa Eswatini tangu 2018. Kuna ambao bado wanasema Chekoslovakia, ilikufa mwanzo wa 1993. Muulize mwenzako kwanini kuna majira ya joto na baridi, atakwambia dunia ikikaribia jua kunakuwa joto. Dunia iko karibu kabisa na jua mwanzoni mwa JANUARI, kama kilomita milioni 147, na Julai ndiyo iko mbali, milioni 152, na Januari hiyo hiyo Ulaya wanaganda. Ni ule mhimili wa dunia kuinama, digrii 23 na nusu, basi. Tulifundishwa, tukajibu, tukapata vema, tukasahau jioni ile ile.

Na msiniambie zamani vijana walijua. Mwaka 2006 Marekani walifanya utafiti kwa vijana wa miaka 18 mpaka 24, jeshi lao limeshakaa Iraki miaka mitatu, Iraki iko kwenye habari kila siku asubuhi na jioni, na asilimia 63 hawakuweza kuionyesha kwenye ramani ya Mashariki ya Kati. Hao sasa hivi wanagonga 40 na kuendelea. Ndio hao wanashangaa watoto wao.

Kinachonitesa mimi ni jinsi tulivyowafundisha. Ramani tupu, jaza majina. Taja milima mitano. Taja mazao makuu. Mtoto anakariri orodha kama namba za simu za watu asiowajua, akitoka kwenye mtihani anazifuta, halafu akigundua kwamba orodha yote iko kwenye simu anasema sasa nilikuwa nateswa ya nini, na kwa hilo ana HAKI kabisa. Kama jiografia ni orodha basi simu imemshinda mwalimu, mjadala umeisha. Lakini nani aliwaambia jiografia ni orodha?

Hivi mnajua mto Kongo unaivuka Ikweta mara mbili? Kwahiyo bonde lake liko kaskazini na kusini, na mvua za pande hizo mbili hazinyeshi kwa pamoja, huku zikikata kule zinanyesha, ndio maana maji yake hayapungui sana mwaka mzima kama mito mingine. Nilisoma jina la huo mto miaka yote, urefu wake, unapoishia, hili jambo moja tamu hivi hakuna aliyeniambia, nililikuta mwenyewe nikiwa mtu mzima. Au Uchina, nchi pana kiasi kwamba ingestahili saa tano tofauti, tangu 1949 inatumia saa moja ya Beijing nchi nzima, kwahiyo mtu wa magharibi kabisa kipindi cha baridi anaweza kusubiri mpaka karibu saa nne asubuhi ndiyo alione jua. Mwambie mtoto hilo uone kama hatauliza kwahiyo shule wanaingia saa ngapi. Ataliuliza mwenyewe! Au ile meli Ever Given, mita 400, Machi 2021 ikakwama ikauziba Mfereji wa Suez siku sita na mamia ya meli yakapanga foleni nyuma yake, mfereji uliofunguliwa 1869 ukasimamisha biashara za watu ambao hata hawajawahi kuusikia. Hivyo ndivyo vitu, siyo taja taja taja.

Nirudi kwa mpwa nimalizie. Jana hiyo nilimfungulia ukurasa wenye Bahari ya Shamu, nikamwambia weka kidole Asia, kipeleke Ulaya kwa maji bila kupita hapo mlangoni. Akaanza kushusha kidole, akashuka, akashuka, akafika kule chini kabisa kwenye Rasi akasema "Mjomba, yaani mpaka HUKU?" Nikamwambia mpaka huko, na bado hujaanza kupanda. Akakipandisha chote kimya kimya mpaka juu. Hakusema kitu, akaenda kulala, na mimi nikabaki na hasira zangu.

Saa sita usiku simu ikaita mlio, ujumbe wake. "Mjomba samahani umelala? Kwanini wasichimbe mfereji mwingine sehemu nyingine wasiwe wanategemea huo mmoja?"

Nikakaa kitandani nikausoma mara tatu. Miaka kumi na sita darasani, walimu wangapi, vitabu vingapi, mimi mwenyewe mjomba wake niko naye tangu anatambaa, na hilo swali ndiyo mara ya kwanza linatoka. Nikamjibu sijalala, njoo na atlasi. Tumekaa mpaka saa nane na nusu, akigugo huku kidole kingine kiko kwenye karatasi, na safari hii hakuniuliza aandike nini.