Ushauri: Msimu wa 2026, San Francisco Giants (besiboli) wana kocha mpya. Nilipie kifurushi cha tiketi au nichague mechi mojamoja?

BabaKevo (mleta uzi)

Habari za humu wakuu. Naishi Hayward, California, na familia yangu. Kijana wangu ana miaka 11, anacheza besiboli ya watoto hapa mtaani, nafasi yake ni mdakaji, yule anayekaa nyuma ya mpigaji na kudaka mpira. Amekua akiwashangilia Athletics wa Oakland. Kama mnavyojua, timu ile ilihama baada ya msimu wa 2024, sasa inacheza West Sacramento kwa muda ikisubiri uwanja wa Las Vegas mwaka 2028. Ilimuuma mno. Tangu hapo nyumbani hatuna timu, na mwaka huu ameniambia mwenyewe kwamba yuko tayari kuwafuata San Francisco Giants.

Baba yangu mzazi anakuja kututembelea kutoka Moshi mwezi wa sita, Mungu akipenda, na atakaa hadi mwisho wa Agosti. Ni mtu wa Simba tangu ikiitwa Sunderland. Besiboli hajawahi kuiona. Natamani sana twende uwanjani sisi watatu, babu, mimi na mjukuu, na babu aondoke akiwa ameelewa kile mjukuu wake anachokipenda.

Sasa nimekwama. Giants walimaliza 2025 wakiwa wameshinda 81 na kufungwa 81. Wakamwondoa kocha Bob Melvin, wakamchukua Tony Vitello moja kwa moja kutoka Chuo Kikuu cha Tennessee. Huyu hajawahi kufundisha timu ya kulipwa hata siku moja! Kazini watu wamegawanyika: wengine wanasema klabu imecheza kamari, wengine wanasema ndiyo damu mpya iliyokosekana. Huku klabu inauza vifurushi vya mechi nyingi kwa mpigo na inahimiza watu walipe mapema. Nilipe sasa, au nisubiri nimwone kocha anavyokwenda? Na kama ni mojamoja, mechi ipi inamfaa mzee wa miaka 74? Kijana yeye anataka ile ya ufunguzi na Yankees wa New York, Machi 25, basi. Naombeni ushauri wa kweli.

mama_Zuwena

Karibu shemeji. Nianze na huyo mtoto, maana la babu lina muda.

Machi 25 ni Jumatano, na ndiyo mechi pekee ya ligi nzima usiku huo. Wengine wote wanaanza kesho yake. Kila mtu anaitaka, kwa hiyo bei yake si ya mchezo. Lakini Yankees hawaji kwa mechi moja. Wanapumzika tarehe 26, wanacheza tena 27 na 28. Tarehe 28 ni Jumamosi, mtoto hana shule. Mpeleke hiyo.

Usimnyime kabisa. Yankees wako upande ule mwingine wa ligi, American League, na ratiba ya sasa inawaleta San Francisco mwaka mmoja, mwaka unaofuata Giants wanakwenda New York. Akiwakosa sasa, hadi 2028. Tena Aaron Judge, nyota wao, ni mtoto wa huku huku, kakulia Linden, jirani na Stockton, na utotoni alikuwa shabiki wa Giants. Mwambie kijana hilo mkiwa njiani.

Kipanga_wa_Bay

Mkuu, hilo la kocha watu wengi tunalibeba kwa akili ya kandanda. Kwetu kocha akipoteza tatu mfululizo, kesho yake mashabiki wanataka aondoke. Huku timu iliyoshinda mechi 100, ambayo ni timu bora kabisa, imefungwa 62. Kupoteza tatu mfululizo kunaikuta kila timu. Kwa hiyo kusubiri mechi kumi za kwanza ili umjue Vitello hakutakusaidia kitu.

Besiboli kocha hapangi mfumo wa kukaba au kushambulia. Kazi yake kubwa ni kupambana na ratiba. Chuoni timu inacheza mechi kama 56 kabla ya mashindano ya mwisho, na uzito wote uko Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Una mrushaji wako bora wa Ijumaa, wa pili Jumamosi, wa tatu Jumapili, halafu wiki nzima mikono inapumzika. Vitello ni bingwa wa maisha hayo, aliipa Tennessee ubingwa wa taifa mwaka 2024. Huku ni mechi 162 ndani ya siku 187. Unahitaji warushaji watano wa kuanza, na nyuma yao kundi la wanaoingia kumalizia. Hapo ndipo kocha anapopimwa. Ni Jumanne, mmeongoza kwa pointi moja, mmaliziaji wako karusha jana na juzi. Unamtumia tena uishike hii, au unamwacha apumzike na kukubali kwamba huenda ukaipoteza? Uamuzi huo anaufanya tangu Machi hadi Septemba, na akiukosea, mikono inachoka na Agosti timu inaporomoka. Mimi nitamtazama hapo.

Tena hajaachwa peke yake. Buster Posey ndiye bosi wa masuala yote ya besiboli klabuni, yeye ndiye anayesajili na ndiye aliyemleta. Posey alikuwa mdakaji wa timu iliyotwaa ubingwa 2010, 2012 na 2014, mwambie kijana wako, atafurahi. Kwenye benchi la ufundi yupo Jayce Tingler, aliyewahi kuwa kocha mkuu wa San Diego, na Ron Washington, aliyeifikisha Texas fainali 2010 na 2011. Ile ya 2010 alifungwa na hawa hawa Giants, kocha wao akiwa Bruce Bochy. Na Bochy naye amerudi klabuni kama mshauri. Wazee wa kumshika mkono wapo.

Ushauri wangu: kifurushi usinunue. Sababu yangu si kocha. Babu anakuja miezi mitatu tu, na mechi za Aprili na Septemba zitakuwa mzigo kwako.

Njoro_TX

Nakubaliana na Kipanga. Niko Dallas, na hapa kwetu huyo Bochy ndiye aliyetupa ubingwa wa kwanza, 2023. Sasa ameondoka na tumempata Skip Schumaker. Si nyinyi pekee. Klabu nane zinaanza na kocha mpya: Giants, Rangers, Braves, Padres, Angels, Twins, Orioles na Nationals. Nationals wamempa kazi Blake Butera, kijana wa miaka 33! Na Colorado wamemthibitisha Warren Schaeffer aliyekuwa akikaimu. Ukisubiri kila kocha mpya athibitike, ndugu, mwaka huu hutaenda uwanjani.

Mkazi_wa_Sac

Mimi nitakwenda kinyume na wenzangu. Kwa nini mtoto aiache timu yake? Timu ilihamishwa na tajiri, mtoto hakuhamishwa na mtu. Mleteni Sacramento.

Uwanja huku ni mdogo, watu kama elfu 14, unakaa unasikia mpira unavyogonga glovu. Kuna Nick Kurtz, mchezaji bora chipukizi wa American League 2025, yule aliyepiga houmrani (mpira unaopigwa hadi nje ya uwanja) nne kwenye mechi moja kule Houston. Kutoka Hayward mnapanda treni ya Capitol Corridor, mnashuka Sacramento, mnavuka Tower Bridge kwa miguu. Ila Julai mchana joto ni kali mno kwa mzee, chagua ya jioni. Na usiwe na wasiwasi wa kuchagua upande: kwa ratiba hii Giants na Athletics wanakutana mara sita kwa msimu, tatu kwao, tatu kwetu. Tafuta hizo.

BabaKevo

@Mkazi_wa_Sac umenigusa. Kijana bado ana kofia ya kijani, hajaitupa. Wakuu, nisaidieni la babu sasa. Mechi ya usiku au mchana? Na nimweleze nini kabla?

mama_Zuwena

Mchana, tena katikati ya wiki. Siku ya mwisho ya mfululizo wa mechi na timu moja, Jumatano au Alhamisi, mara nyingi wanaanza mapema ili timu zisafiri. Umati huwa mdogo na bei huwa nafuu kuliko wikendi. Oracle Park, uwanja wa Giants, iko kando ya maji kabisa, na jua likizama upepo wa ghuba unakata, hata Julai. Nimeona watu wanajifunika blanketi. Babu wa Moshi baridi anaijua, lakini kukaa nayo kwa muda wa saa tatu bila kutembea ni kitu kingine. Koti lazima.

Kaeni juu, nyuma ya mpigaji. Kwa mgeni pale ndipo pazuri, anauona uwanja mzima na mpira unakoelekea. Pandeni treni ya BART, shukeni kituo cha Embarcadero, kuna treni ya Muni ya N inawafikisha mlangoni, babu hatachoka.

Dogo_wa_Upanga

Salamu kutoka Dar. Sisi tunaocheza huku uwanja wa Azania, ule uliojengwa kwa msaada wa Wajapani, kila siku tunaulizwa na wazee maswali hayo hayo. Usimfundishe sheria zote, atachoka. Mwambie mambo mawili tu: mpigaji anataka kuzunguka vituo vinne arudi nyumbani, na timu inayorusha inatafuta watu watatu wa kuwatoa. Mengine atayaona.

Halafu mwachie mjukuu amsimulie mdakaji. Siku hizi mdakaji anabonyeza kifaa mwilini na mrushaji anasikia ndani ya kofia aina ya mpira anaotakiwa kurusha. Kuna saa inahesabu sekunde 15, au 18 kama kuna mtu kwenye kituo. Na mwaka huu kuna jipya: mrushaji, mdakaji au mpigaji akiona mwamuzi kakosea kuhusu mpira uliorushwa, kama ulipita eneo halali la mpigaji au la, anagusa kofia yake papo hapo na mashine inaamua. Kila timu inaanza na rufaa mbili. Ikishinda rufaa haipungui, ikishindwa inapungua. Mdakaji ndiye anayeuona mpira vizuri kuliko wote, kwa hiyo kijana wako atakuwa na mengi ya kumwambia babu yake.

BabaKevo

Asanteni sana, mmenifungua macho. Mrejesho: kifurushi nimeachana nacho. Machi 28 naenda na kijana kuwaona Yankees. Babu akifika, tunaanza na mechi ya mchana ya katikati ya wiki Oracle Park, viti vya juu. Kijana ameomba pia tukawaone Giants na Athletics, na avae kofia ya kijani. Nimemkubalia. Kama kuna anayejua lifti za kwenda viti vya juu ziko lango gani, aniandikie hapa, magoti ya mzee si mazuri.