Mgeni wa michezo ya kuigiza mezani: aanze na kitabu kizima au karatasi moja?

Wakuu, salaam.

Naleta hoja hii kwa sababu imeigawa meza yetu hapa Dar es Salaam. Tuko watano, tunacheza Dungeons & Dragons (D&D) kila Jumamosi. Kwa asiyeujua, mchezo wenyewe ni hivi: mmoja anasimulia hali, tuseme mko mbele ya ngome iliyohamwa, usiku, mvua inanyesha. Wengine kila mtu ana mhusika wake, anasema atafanya nini. Penye mashaka, dadu inaamua.

Mwezi uliopita tulialika wageni wanne. Hawakufika hata mlangoni pa ngome. Saa tatu nzima ziliishia kwenye karatasi za wahusika: chagua asili yake, chagua fani, chagua silaha, soma orodha ya uchawi anaouweza. Dada mmoja akiaga alisema, "Nilidhani nakuja kucheza." Hakurudi, na wenzake wawili hawakurudi.

Wenzangu wanasema wageni walikosa subira. Mimi nasema kosa ni letu, na msimamo wangu ni kwamba siku ya kwanza mgeni asione kitabu kabisa. Kitabu cha mchezaji cha mwaka 2014 kina kurasa 320, cha 2024 kina 384, vyote kwa Kiingereza. Nani anaalikwa nyumba ya watu kisha anakabidhiwa mtihani?

Tatizo lenyewe ni la tangu mwanzo. Gary Gygax na Dave Arneson walipoutoa mchezo huu mwaka 1974, vijitabu vitatu kwenye kisanduku, waliwaandikia watu waliokwisha kuzoea michezo ya vita ya mezani. Wengine walifundishwa na rafiki, la sivyo walipotea. Ndiyo maana 1977 likatoka toleo la wanaoanza, likaandikwa upya 1981, na tena 1983. Hili la 1983, sanduku jekundu la Frank Mentzer, ndilo lililonifungua macho. Halikuanza na kanuni. Linakwambia wewe ni mpiganaji, unaelekea pangoni peke yako. Unapambana na nyoka, unakutana na kasisi mwema aitwaye Aleena, na mchawi Bargle anamuua mbele yako. Unapomaliza kurasa hizo chache umeshajua nguvu za uhai ni nini na dadu inarushwa lini, na moyoni una kisasi na Bargle. Umejifunza huku unacheza.

Wiki iliyopita nilijaribu njia nyingine kwa wapwa zangu: Lasers & Feelings wa John Harper, mchezo mzima kwenye ukurasa mmoja. Kila mmoja anachagua namba kati ya 2 na 5. Jambo la akili na mitambo, dadu ije chini ya namba yako. Jambo la moyo na maneno, ije juu yake. Niliwaeleza kwa Kiswahili, na dakika kumi hazijaisha walikuwa wanabishana kama wamwokoe nahodha wao au wakimbie na meli yao ya angani. Mdogo wao, ambaye darasani hasemi neno, ndiye aliyemshawishi adui asifyatue.

Nyie mnaonaje?

*Mdau, Nairobi:*
Kaka, nakupinga kwa heshima. Karatasi moja humpa mtu jioni moja nzuri, na kesho yake hana sababu ya kurudi. Mimi nimekaa na mhusika mmoja miaka miwili. Alianza hana kitu, na alipokufa nilinyamaza garini hadi nyumbani. Hilo halitoki kwenye ukurasa mmoja. Pia jina lina uzito: tangu tamthilia ya Stranger Things, ambamo watoto wanaucheza mchezo huu, ianze 2016, anayekuja anakuja akiuliza D&D, na ukimpa kitu kingine ataona umembadilishia. Kilichowafukuza wageni wenu ni kukosa maandalizi. Sanduku la kuanzia la 2014 lina wahusika watano walio tayari. Mngewagawia, mngekuwa ndani ya ngome dakika ya tano.

*Mleta hoja:*
La wahusika tayari nakubali, tulizembea. Lakini hata karatasi ya mhusika aliye tayari imejaa namba mbele na nyuma, na mgeni akiitazama anaona fomu ya kodi. Mimi ningemfunika nusu ya karatasi. Ajue jina, kazi, na vitu vitatu anavyovijua vizuri. Yaliyobaki msimulizi amshikie mpaka yatakapohitajika. Kuhusu kubaki, sikubishii: kampeni ndefu, yaani hadithi moja inayoendelea kikao hadi kikao, ndiyo inayombakisha mtu. Ila hakuna anayebaki mahali ambapo hajaingia.

*Mdau, Mombasa:*
Asalaam aleikum. Ndugu zangu, mnabishania kurasa, na huku kwetu mlango unafungwa na wazazi. Mtoto wa dada yangu alinyang'anywa kitabu kwa sababu ya picha ya shetani jaladani. Marekani nao walipita hapo: mwanafunzi mmoja wa chuo alipopotea Michigan mwaka 1979, mchezo ulilaumiwa kabla ukweli haujajulikana, na miaka ya themanini makanisa mengi yaliupiga vita. Toleo la pili la 1989 lilitoka bila hata neno "shetani". Kama kampuni iliyouchapisha mchezo ilikubali kupunguza, sisi tunang'ang'ania nini? Tuanze na majahazi, pepo za kusi na kaskazi, wafanyabiashara na maharamia. Hakuna mzazi wa pwani atakayekataa hadithi ya jahazi.

*Mleta hoja:*
Waaleikum salaam. Hadithi ya jahazi naitaka hata kama hakuna mzazi anayelalamika, maana mgeni anayejua tanga na nanga haulizi kila kitu ni nini. Ila sipendi tukate kwa hofu. Hadithi za bibi zetu zimejaa mazimwi na majini, na wazazi wale wale walizisikiliza wakaitikia "Hadithi njoo!" Mwalike mzazi akae pembeni jioni moja, asikie wanachosema watoto. Hofu yake inatoka kwenye picha, kwa sababu mchezo wenyewe hajausikia.

Na kuna jambo wengi hawalijui: tangu Januari 2023 kanuni za msingi za toleo la tano la D&D (lile la 2014), ile hati iitwayo SRD 5.1, ziko chini ya leseni ya Creative Commons. Ukitaja chanzo, unaruhusiwa kuzitafsiri, kuzibadili, hata kuziuza. Kanuni za Kiswahili zenye majahazi zinaweza kuandikwa na yeyote kati yetu.

*Mdau, mwanafunzi Japani:*
Naongeza moja. Huku watu wengi walivutwa kwa kusoma kabla ya kucheza. Mwaka 1986 jarida la Comptiq lilianza kuchapisha mazungumzo ya kundi lililokuwa likicheza, na kutokana nayo zikazaliwa riwaya za Record of Lodoss War. Msomaji aliona watu wa kawaida wakikosea na kubishana, akajua anaweza. Sisi tuna simu. Rekodini dakika ishirini za meza yenu kwa Kiswahili, mzitume kwenye magrupu.

*Mleta hoja:*
Hilo nalifanya, wenzangu wakiridhia. Yule dada aliyeondoka nimemwandikia kumwomba radhi na kumwalika tena Jumamosi ijayo: karatasi moja, jahazi linalovuja kati ya Kilwa na Mafia, hakuna kitabu mezani. Amejibu kwamba atakuja na mdogo wake. Mdau wa Nairobi, wakikaa hadi mwisho, jioni yao ya pili tutacheza D&D na wahusika wako watano, kisha nitakuja hapa kueleza ni jioni ipi waliomba irudiwe.