Clive Churchill: je, ukocha wake ulifikia uchezaji wake?

Mdadisi wa Raga
Ndugu wadau, Clive Churchill wa Australia hutajwa zaidi kama beki wa mwisho wa raga ya ligi (rugby league, raga ya wachezaji 13), na medali ya mchezaji bora wa fainali, inayotolewa tangu 1986, ina jina lake. Hata hivyo, aliiongoza klabu ya South Sydney (Souths) kutwaa ubingwa wa 1967, 1968, 1970 na 1971 akiwa kocha. Je, kikosi kile kilimhitaji yeye, au kingeshinda chini ya kocha yeyote?

Mzee wa Jukwaani
Tuanze na uchezaji, maana ndiko alikojifunzia. Wakati ambapo kazi kubwa ya beki wa mwisho ilikuwa kudaka mipira mirefu na kuirudisha kwa mateke, Churchill, mtu mfupi kutoka Newcastle, aliidaka na kukimbia nayo, akawa chanzo cha mashambulizi. Mwaka 1950 alikuwa nahodha Australia ilipoishinda Uingereza 5–2 katika tope la Sydney na kutwaa Ashes, taji linaloshindaniwa na nchi hizo mbili, kwa mara ya kwanza tangu 1920. Mwaka 1955 alivunjika mkono dhidi ya klabu ya Manly, ukafungwa kwa jalada la daftari, naye akabaki uwanjani hadi akapiga mkwaju wa ushindi kutoka pembeni kabisa. (Mimi ningeomba machela.)

Mchambuzi
Nakubaliana na hayo, lakini mkwaju haumfanyi mtu kocha. Alikuwa kocha wa Australia katika ziara ya Uingereza ya 1959, wakashinda mechi ya kwanza kisha wakapoteza mbili zilizofuata, ya pili kwa pointi moja tu, 11–10. Pale Souths alikuwa na John Sattler, Ron Coote, Bob McCarthy na Eric Simms. Mwenye unga wa namna hiyo hashindwi kusonga ugali.

Mzee wa Jukwaani
Unga huo haukujisonga wenyewe, ndugu yangu. Mwaka 1967 ndio kanuni ya kukabwa mara nne, iliyoweka kikomo cha timu kuendelea na mpira, ilipoanza, ilhali yeye alicheza maisha yake yote timu ikiruhusiwa kushika mpira bila kikomo. Kocha aliyekwama katika enzi yake asingetwaa ubingwa msimu huohuo.

Mdadisi wa Raga
Hoja hiyo ya kanuni sikuwa nimeifikiria. Na baada ya 1971?

Mchambuzi
Klabu ilikosa fedha. Kufikia msimu wa 1972 Coote alikuwa amekwenda Eastern Suburbs, John O'Neill na Ray Branighan wakahamia Manly, na Churchill akaendelea hadi 1975 bila taji jingine. Kwangu mimi hilo linathibitisha uzito wa wachezaji, ingawa nakiri kwamba hakuna kocha ambaye angezuia wachezaji wasiolipwa vizuri kuondoka.