Naomba ushauri: santuri ipi ya My Fair Lady?

Wakuu, habari zenu. Mama mkwe anapenda mno My Fair Lady, ule mchezo wa jukwaani wa nyimbo, nami nataka kumnunulia santuri. Ya Broadway (kumbi za maigizo za New York) ya 1956 ina Julie Andrews na Rex Harrison (ambaye kwa kweli haimbi, anaongea kwa mdundo tu!), ila ni mono (sauti ya mkondo mmoja). Ya London ya 1959 ina waigizaji haohao, tena stereo (mikondo miwili). Ya filamu ya 1964 siitaki: Audrey Hepburn ndiye anayeonekana, lakini sehemu kubwa aliimbiwa na Marni Nixon.

Mliozisikiliza zote mbili za Andrews, ipi ina uhai zaidi? Na santuri ya mtumba nikague nini zaidi ya mikwaruzo? Duka halirudishi pesa.